Ukuta wa Gereza Hauzuii Homa

Maneno yaliyonenwa mbele ya Wakristo na waalimu katika sikukuu ya Yubili



Tumepewa kazi ya kunena nanyi katika siku hizi za furaha, nasi twashukuru. Wenzetu waliotutangulia wamesimulia habari za kanisa la kwanza la miti na udongo, na za shule ya kwanza, na za wazee waliobatizwa kwanza. Hayo ni mema, tena hayana budi kukumbukwa. Walakini sisi tumechagua kunena habari za mahali ambapo kengele ya Yubili haisikiki vema, yaani gereza. Na katika habari za gereza tumechagua jambo moja tu, yaani maradhi ya kuambukiza yaliyowapata wafungwa mwanzoni mwa karne ya 20, na mambo ambayo watu walijifunza kwayo.

Labda mtu atauliza, Gereza lina shauri gani na Yubili? Twamjibu hivi. Katika Torati mwaka wa Yubili ulikuwa mwaka wa kuwaacha huru waliouzwa utumwani. Na Bwana wetu alipoanza kufundisha katika sinagogi ya Nazareti alisoma maneno ya nabii juu ya waliofungwa. Tena siku ile alipoeleza habari za hukumu ya mwisho, alijihesabu mwenyewe pamoja na mgonjwa na mfungwa, akawataja wawili hao mahali pamoja. Zaidi ya hayo, Kanisa lenyewe la nchi hii limejua kifungo. Katika vita vya 1914 mpaka 1918 mapadre na waalimu Waafrika wa Misioni ya U.M.C.A. walifungwa na serikali ya Wajerumani. Na mmoja wao, Samwil Sehoza, aliandika habari za taabu ile katika kitabu chake kiitwacho Mwaka katika Minyororo, kilichopigwa chapa mwaka 1921. Basi mwalimu asiseme kwamba gereza ni nyumba asiyoijua. Wenzake walilala humo.

Homa ya magereza

Iko homa moja ambayo watu wa Ulaya kwa miaka mingi waliiita homa ya magereza. Waganga huiita taifasi, nasi twaweza kuiita homa ya chawa. Isichanganywe na homa ya matumbo, maana hizo ni ndwele mbili mbalimbali. Mtu akishikwa na homa ya chawa huanza kwa kutetemeka na kuumwa sana na kichwa. Kisha joto la mwili hupanda, viungo vyote humwuma, na baada ya siku chache madoa madogo hutokea mwilini. Halafu akili hupotea, akawa mtu wa kuweweseka mchana na usiku. Kabla ya kupatikana dawa za siku hizi, katika watu kumi walioshikwa mmoja au wawili walikufa, na mahali penye njaa na dhiki pengine wanne.

Mwaka 1577, katika mji wa Oxford nchini Uingereza, wafungwa walitolewa gerezani wakaletwa barazani wahukumiwe. Siku chache baadaye majaji, na wazee wa baraza, na watu waliokuja kusikiliza tu, walianza kuugua. Na yasemwa kwamba watu kama 300 walikufa. Waliokaa juu ya viti waliangushwa na homa iliyotoka kwa wale waliosimama mbele yao na pingu.

Baada ya miaka karibu 200 alitokea mtu mmoja, John Howard. Mwaka 1773 alipewa kazi ya kusimamia sheria katika jimbo la Bedfordshire, akaenda kulitazama gereza lake kwa macho yake mwenyewe, jambo ambalo wenye kazi ile hawakuzoea kulifanya. Alikuta humo watu ambao baraza lilikwisha kuwaona hawana hatia, lakini wangali ndani, kwa sababu hawakuwa na fedha ya kumlipa bawabu wa gereza ujira wake. Ndipo alipoanza safari za kuzunguka magereza yote ya nchi ile, na baadaye ya nchi nyingine. Katika kitabu chake cha mwaka 1777 alieleza kwamba katika miaka ile ya kwanza ya safari zake aliona kuwa homa iliwaua wafungwa wengi kuliko wale walionyongwa kwa amri ya serikali katika nchi nzima.

Tena aliandika jambo dogo ambalo tungependa mlishike, maana litatusaidia mbele. Alisema kwamba akitoka gerezani nguo zake zilinuka hata hakuweza kustahimili kukaa ndani ya gari lililofungwa madirisha, ikambidi kupanda farasi na kwenda katika upepo. Na kurasa za kitabu chake cha kuandikia zilishika harufu ile, akawa hana budi kuzitandaza mbele ya moto saa moja au mbili kabla ya kuzitumia. Mwaka 1774 Bunge lilitoa sheria kwamba kuta za magereza zipakwe chokaa, vyumba viingizwe hewa, pawe na mahali pa wagonjwa na mahali pa kuoga. Howard mwenyewe alikufa kwa homa katika mji wa Kherson mwaka 1790, baada ya kumwuguza mgonjwa.

Howard aliona kwamba uchafu na homa huenda pamoja. Lakini hakujua ni kitu gani kinachoibeba homa. Watu wa siku zile walidhani ni hewa mbaya na harufu. Nguo zile alizoziona kuwa zanuka zilikuwa na habari ya kumwambia, wala hakuna aliyejua kuisoma.

Mlangoni pa hospitali ya Tunis

Habari ile ilisomwa katika Afrika. Charles Nicolle, mganga Mfaransa, alikuja Tunis mwanzoni mwa karne ya 20 kuwa mkuu wa nyumba ya elimu ya maradhi iitwayo Institut Pasteur. Katika nchi ile homa ya chawa ilirudi kila mwaka wakati wa baridi, ikawapata wakulima, na maskini wa mijini, na wafungwa. Na jua la kiangazi lilipowaka ikapungua. Waganga wengi, hasa wale wa mashamba, waliipata wenyewe, na wengi wao walikufa.

Siku za kwanza za kukaa kwake, karibu na mwaka 1903, homa ilizuka katika gereza la Djouggar, lililo mbali na Tunis, kiasi cha kilometa 80 upande wa kusini. Nicolle aliazimia kwenda huko pamoja na mwenzake. Lakini kabla ya siku ya safari alitapika damu kwa ugonjwa wa kifua, akashindwa kwenda. Watu wawili walikwenda pasipo yeye, wakalala usiku ule gerezani. Wote wawili wakashikwa na homa, wakafa. Nicolle alisimulia habari hiyo baada ya miaka mingi, maana alijua ya kuwa uhai wake na kazi yake yote vilikuwa vimening'inia kwa uzi ule mmoja.

Basi tangu hapo alijiuliza swali, na swali lake si gumu hata mtoto wa shule asilielewe. Katika hospitali ya wenyeji wa Tunis wagonjwa wa homa ya chawa walilazwa katika vyumba pamoja na wagonjwa wengine, kitanda karibu na kitanda. Wala jirani zao hawakuambukizwa, wala wauguzi. Lakini nyumbani kwao wagonjwa hao walikuwa wamewaambukiza jamaa zao wote. Njiani waliambukiza. Mlangoni pa hospitali waliambukiza: aliyepokea nguo zao aliugua, na waliozifua waliugua. Ila walipokwisha kuvuka ukumbi wa mapokezi, homa yao ilikuwa kama simba aliyeng'olewa meno. Je, palikuwa na nini kati ya mlango na kitanda?

Nicolle amesimulia kwamba siku moja alifika hospitali akamkuta mgonjwa ameanguka juu ya kizingiti, ikambidi kumruka apate kuingia. Na katika kuruka kule jibu lilimjia. Kati ya mlango na kitanda mgonjwa alivuliwa nguo zake, akanyolewa, akaogeshwa kwa maji ya moto na sabuni, akavikwa nguo safi za hospitali. Basi kilichoambukiza hakikuwa katika pumzi ya mgonjwa. Kilikuwa katika nguo zake na juu ya ngozi yake. Na kitu kile kilichoondoka kwa maji na sabuni hakikuweza kuwa kingine ila chawa.

Mwaka 1909 alilithibitisha jambo hili. Alitia damu ya mgonjwa katika mwili wa sokwe, sokwe akaugua. Kutoka kwa sokwe aliipitisha homa kwa kima. Kisha aliwatwaa chawa waliokuwa wamemnyonya kima yule mgonjwa, akawaweka juu ya kima wengine wazima, nao wakaugua. Mwaka 1928 alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi hii.

Baadaye waganga wengine walieleza zaidi. Homa hii haiingii kwa meno ya chawa hasa, bali kwa kinyesi chake, mtu anapojikuna na kukisugua katika ngozi iliyochubuka. Tena chawa apenda joto la kiasi. Mtu akishikwa na homa kali, au akifa na mwili ukapoa, chawa humwacha akatafuta mwili mwingine ulio karibu. Kwa hiyo mahali ambapo watu hulala wamebanana, hawana nguo ya kubadili wala maji ya kufulia, chawa hana safari ndefu. Hii ndiyo sababu homa ilijenga kao lake gerezani. Haikuwafuata wafungwa kwa kuwa wao ni wezi au wauaji. Iliwafuata kwa kuwa walinyimwa shati la pili.

Tena jina la kijidudu kile chenyewe ni kama jiwe la kaburi. Chaitwa kwa majina ya watu wawili waliokufa kwa kukitafuta: Howard Ricketts, Mmarekani, aliyekufa katika Mexico mwaka 1910, na Stanislaus von Prowazek, ambaye habari zake tutazirudia sasa hivi.

Wale waliobaki Wittenberg

Kwa hiyo tangu mwaka 1909 elimu ilikuwapo. Mtu angaliweza kutumaini kwamba homa ya magereza imekwisha. Lakini vilikuja vita vya 1914, na majeshi yakawateka watu kwa maelfu, wakafungwa katika kambi zenye ua wa waya. Kambi moja ilikuwa Wittenberg nchini Ujerumani, mji ule ule wa Martin Luther. Ndani yake walikuwako Warusi, Wafaransa, Wabelgiji na Waingereza, jumla yao kiasi cha watu 15,000, katika uwanja usiozidi ekari kumi na moja. Godoro moja lilitolewa kwa watu watatu, na watu wa mataifa yote walichanganywa pamoja. Sabuni na maji ya moto vilikuwa haba sana, na wakati ule ulikuwa wa baridi kali.

Mwezi wa Desemba 1914 homa ilizuka. Ndipo walinzi na waganga wa kambi wakatoka nje, wakailinda kwa mbali. Chakula kilisukumwa ndani kwa vigari vidogo juu ya reli, asije mtu wa nje akamgusa mtu wa ndani. Mwezi wa Februari 1915 waliletwa waganga sita Waingereza, ambao wao wenyewe walikuwa mateka wa vita, wakaingizwa humo. Mmoja wao, Priestley, alieleza jinsi alivyoinama katika mwanga hafifu juu ya mgonjwa mmoja, akaona kama vumbi limejaa katika mikunjo ya nguo zake. Akanyosha mkono alikung'ute, na lile vumbi lilikuwa likitembea. Walikuwa chawa.

Waganga wale wangaliweza kukaa pembeni. Hawakukaa. Katika sita, watatu walikufa kwa homa ile, nao ni Fry, Field na Sutcliffe. Na waliobaki waliendelea na kazi, wakaosha, wakatenga, wakaomba sabuni na nguo, hata homa ikakoma katika mwaka ule wa 1915. Habari hizi zilitolewa na tume ya serikali ya Uingereza mwaka 1916, wakati vita vingali vinapiganwa, na kwa hiyo yafaa tuzisome kwa uangalifu, tusije tukalihukumu taifa zima kwa kosa la kambi moja.

Na ili tusilihukumu, sikilizeni habari ya pili. Mwezi ule ule wa Februari 1915, katika nchi ile ile ya Ujerumani, palikuwa na kambi nyingine ya mateka mahali paitwapo Cottbus, na homa ile ile ilikuwamo. Huko alikwenda Prowazek, mtu wa elimu aliyefanya kazi katika mji wa Hamburg, pamoja na mwenzake Henrique da Rocha Lima kutoka Brazili. Walikwenda kuchunguza homa katika miili ya wafungwa, ambao kwa hesabu ya vita walikuwa adui. Wote wawili walishikwa nayo. Rocha Lima alipona. Prowazek alikufa tarehe 17 Februari. Na Rocha Lima alipokwisha kukitambua kijidudu chenyewe, mwaka 1916 alikiita kwa jina la rafiki yake na kwa jina la Ricketts, wala si kwa jina lake mwenyewe.

Basi tazameni, ndugu zetu. Nchi moja, mwezi mmoja, homa moja. Katika kambi moja waliokuwa na funguo walitoka nje. Katika kambi nyingine mtu aliyekuwa huru aliingia ndani. Wote walijua habari za chawa, maana Nicolle alikwisha kuzitangaza. Tofauti haikuwa katika elimu, bali katika kumhesabu mfungwa kuwa mtu.

Jumapili ya San Quentin

Si kila ugonjwa wa gerezani huletwa na chawa. Uko ule uendao kwa pumzi, nao hauogopi sabuni sana. Mwaka 1918 mafua makali yalizunguka dunia nzima, nayo mwishoni mwa mwaka ule yalifika hata pwani yetu ya Afrika ya Mashariki na kupanda bara. Katika California, Marekani, liko gereza kubwa la San Quentin, kando ya ghuba ya San Francisco, ambalo wakati ule lilikuwa na wafungwa kama 1,900. Mganga wake, Leo Stanley, aliandika habari za mambo aliyoyaona, zikapigwa chapa mwaka 1919.

Siku ya Jumapili, tarehe 14 Aprili 1918, aliletwa mfungwa mmoja kutoka gereza la Los Angeles, ambako watu walikuwa wakiugua. Yeye mwenyewe hakuwa mzima. Siku ile wafungwa wote walikuwa uani, kama ilivyo desturi ya Jumapili. Akatembea kati yao, akala pamoja nao, akalala na wageni wenzake. Siku ya pili alikuwa na homa. Katika majuma yaliyofuata waliugua watu zaidi ya 500, na watatu wakafa. Ugonjwa ulirudi tena mwezi wa Oktoba, na tena mwezi wa Novemba.

Stanley alikuwa mtu wa kuandika hesabu zake kila siku, na katika hesabu hizo aliona jambo. Wagonjwa waliongezeka hasa siku za Jumanne na Jumatano. Kwa nini Jumanne na Jumatano? Kwa sababu Jumapili wafungwa walikusanywa kwa zamu katika chumba kimoja kutazama senema, wamebanana, hewa nzito. Na ugonjwa ulihitaji siku mbili au zaidi kidogo kujionyesha. Furaha ile moja waliyopewa katika juma ndiyo iliyogawa ugonjwa.

Hatusemi kwamba mfungwa asipewe furaha. Twasema kwamba aliye na watu chini ya mkono wake hana budi kufanya kama mganga yule: aandike, ahesabu, aulize kwa nini. Mtu mmoja alipokelewa pasipo kuulizwa, Unaumwa? na watu 500 wakaugua.

Mambo ya kushika

Sasa tukusanye tuliyonena. Jambo la kwanza ni haki. Hakimu akimhukumu mtu miezi mitatu, haki yake ni miezi mitatu. Hakumhukumu kifo. Akifa humo kwa homa ambayo maji na sabuni vingaliizuia, amekufa kwa hukumu ambayo hakuna hakimu aliyeitoa, wala hakuna kitabu ambamo iliandikwa. Na aliyewekwa ndani akingoja kuhukumiwa, ambaye labda hana hatia, ameadhibiwa kabla ya kusikilizwa. Hivi ndivyo Howard alivyoona katika siku zake, na Mkristo asikubali kamwe kusema, Shauri yao, wameyataka wenyewe. Maneno hayo si ya Injili.

Jambo la pili ni kwamba ukuta haumlindi mtu wa nje. Kila siku wako wanaoingia na wanaotoka: walinzi hurudi kwa watoto wao, waliomaliza kifungo hurudi vijijini, jamaa huja kutazama. Wa Oxford walijifunza hivyo mwaka 1577. Na habari hii si ya zamani tu, wala si ya mbali. Mwaka 1995 homa ya chawa ilizuka katika gereza la Ngozi nchini Burundi. Watu wa huko waliiita sutama, neno lililo ndugu wa neno letu chutama, kwa sababu maumivu ya viungo yalimfanya mgonjwa akae amejikunja. Muda si muda homa ikaonekana nje ya gereza, katika kambi za watu waliokimbia vita, na mwaka 1997 walioshikwa walihesabiwa kwa maelfu kwa maelfu. Na hali dawa ilikuwapo, tena ni nyepesi: kidonge kimeza mara moja, doksisaiklini, chaweza kumponya mgonjwa wa homa hii. Kadhalika kifua kikuu; Shirika la Afya la Ulimwengu limeonyesha kwamba wafungwa hupatwa nacho kiasi cha mara kumi kuliko watu walio nje. Wazee walisema, Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mwenzetu amekwisha kunyolewa mara nyingi.

Jambo la tatu ni kwenu, waalimu. Nyumba ya kulala wanafunzi si gereza, lakini chawa na mafua havijui tofauti. Watoto wengi chumba kimoja, madirisha yamefungwa kwa kuogopa baridi, shuka hazifuliwi. Hapo mambo ya San Quentin yaweza kurudi kwa mlango mwingine. Kwa hiyo mtoto mgeni aulizwe habari zake na kutazamwa siku ile ile anapofika, si baada ya juma. Vitanda visibanane. Madirisha yafunguliwe. Pawe siku ya kufua isiyovunjwa kwa sababu ya mchezo wala mtihani. Na mwalimu awe na daftari ya wagonjwa, aandike jina na siku, maana hesabu ya kila siku ilimwambia Stanley jambo ambalo macho yake peke yake hayakumwonyesha. Tena tuangalie sana: mtoto aliyeonekana na chawa asiaibishwe mbele ya wenzake. Chawa hakuja kwa dhambi yake, alikuja kwa uchache wa nguo. Ukimwaibisha, wengine watawaficha chawa wao, na homa itapata mahali pa kujificha.

Jambo la nne ni kwenu nyote wa makanisa. Msiache kuwazuru wafungwa. Kama sheria ya mahali inaruhusu, chukueni sabuni kabla ya kuchukua kitu kingine, na nguo ya kubadili, iliyofuliwa na kukaushwa juani. Twajua kwamba kipande cha sabuni ni zawadi ndogo isiyopendeza kutajwa katika ripoti ya chama cha mama au cha vijana. Lakini mmekwisha kusikia habari za mlango wa Tunis. Kati ya mlango na kitanda mauti ilisimamishwa kwa maji, sabuni na nguo safi. Msipoweza kwenda mwilini, waulizeni wenye madaraka kwa adabu, wala msichoke kuuliza: Je, maji yapo? Je, wanalala wangapi? Je, mganga huja? Howard hakuwa mganga wala waziri. Alikuwa mtu aliyekwenda kutazama, akauliza, akaandika.

Na yule anayerudi kijijini baada ya kifungo, akiwa anakohoa, msimkimbie wala msimfiche. Mpelekeni hospitali apimwe, akapewe dawa, mkae naye wakati wa matibabu yake. Mtu aliyetoka gerezani akakuta milango yote imefungwa, kwake yeye bado hajatoka.

Katika Yubili hii tumewashukuru wengi walioijenga dayosisi. Na tukumbuke pia mbele za Mungu wale wafungwa wasio na makaburi yanayojulikana, wa Djouggar, wa Wittenberg, wa Cottbus, wa San Quentin, wa Ngozi, na wa kila mahali. Na waganga waliowafuata humo wakafa pamoja nao. Kwa ugonjwa wa wafungwa hao dunia ilipata elimu ambayo yatulinda sisi na watoto wetu mpaka leo. Hiyo ni deni. Nasi twawasihi, kabla sherehe hizi hazijakwisha, kila mtaa uchague watu wawili au watatu wa kwenda kulizuru gereza lililo karibu, siku yao ijulikane, na majina yao yatajwe katika sala ya kanisa. Yubili yetu isiishie kwenye ua wa kanisa. Ifike hata mlango ule wenye komeo, na itakapofika, isiwe mikono mitupu.

Mungu Baba awape rehema wote walio katika vifungo na magonjwa, na sisi atupe miguu ya kuwaendea. Amina.